Gharama ya Ugeni katika Milango ya Rufiji

Mtu atakaye kuanzisha biashara katika nchi isiyo yake hutanguliza swali la gharama: pango ni kiasi gani, ushuru ni wa kiwango gani, vibarua hulipwa nini, na rasilmali ndogo aliyo nayo itamweka miezi mingapi kabla ya faida ya kwanza kuonekana. Swali hilo halikuzaliwa na vijana wa zama hizi wanaopeleleza miji ya ng'ambo yenye maisha nafuu ili wafungue kampuni zao changa. Liliulizwa karne nyingi zilizopita na matajiri wa Ghuba ya Uajemi na wa Bara Hindi walipoutazama mwambao wetu, na mojawapo ya mahali walipolipatia jibu ni delta ya Rufiji, ambayo Nyamisati ni mlango wake wa upande wa kaskazini. Habari za wageni hao zastahili kusomwa na kila atakaye kufuata nyayo zao, kwa kuwa zinadhihirisha kwamba gharama ambayo mgeni hakuilipa, aghalabu yuko mwenyeji aliyeilipa kwa niaba yake.

Nyamisati ni kijiji cha bara kilicho ukingoni mwa mikoko, kinachofikiwa kwa njia itokayo Bungu katika barabara kuu iendayo Kilwa, nacho chaelekeana na kisiwa cha Mafia ng'ambo ya mlango wa bahari. Kusini mwake Mto Rufiji, baada ya safari ndefu kutoka nyanda za juu, hugawanyika katika mikono mingi inayoingia baharini kwa milango kama Simba Uranga na Kikunya, na baina ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ambao hakuna unaoupita kwa ukubwa, ukiwa mahali pamoja, katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Humo mna mkoko wenyewe, msinzi na mkandaa, ambayo hutoa boriti zilizonyooka na zisizoliwa upesi na mchwa. Mna mkomafi na mchu, na msikundazi ambao mafundi wa vyombo waliupenda kwa milingoti. Hiyo ndiyo ilikuwa hazina iliyowaita wageni, na haikuhitaji kuchimbwa wala kupandwa. Ilihitaji shoka, maji makubwa na mikono ya watu.

Uhusiano huo ni wa kale. Katika karne ya 10 mwanajiografia Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Na tangu wakati huo mpaka zama za baba zetu, miji ya Ghuba isiyo na misitu iliendelea kuezeka mapaa yake kwa miti ya mwambao huu, hata upana wa vyumba vya Kuwait na Bahrain ukafuata urefu ambao boriti moja iliweza kuufikia. Majahazi na mabumu yalishuka kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakauza shehena hiyo bandari kwa bandari, kisha yakajaza boriti na kurejea kwao kwa kusi. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene wake: nguzo, boriti, mazio, pau na fito, kila daraja na bei yake.

Tukiutazama mpango huo kwa jicho la mfanyabiashara, tutaona jinsi ulivyokuwa na akili. Nakhoda wa Kuwait hakupanga nyumba Unguja wala hakujenga ghala Rufiji, kwani chombo chake kilikuwa nyumba, duka na ghala kwa pamoja. Mabaharia wake hawakulipwa mshahara wa mwezi, bali walipata fungu katika faida ya safari, hata hasara nayo ikawa ya wote. Na upepo, ambao ndio nguvu kubwa iliyokuwa ikihitajika, Mwenyezi Mungu aliuleta bila malipo kila mwaka kwa majira yake. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliingia katika delta hiyo ndani ya bumu la Kuwait lililoongozwa na nakhoda Ali bin Nasr el-Nejdi, na kitabu chake, Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, kimehifadhi kumbukumbu ya kazi ile: mabaharia wakipakia miti katika tope na joto, wakizungukwa na mbu, kabla ya safari ndefu ya kurudi kaskazini.

Lakini mbu na tope ni sehemu ya bei, ingawa havikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Homa ya delta iliwatesa wageni na wenyeji pia, na kwa kuwa ilizidi hapo, tangu miaka ya 1980 Nyamisati yenyewe ilikuwa mahali ambapo wataalamu wa Uswidi walishirikiana na Watanzania kuuchunguza ugonjwa wa malaria. Tena, nyuma ya kila korija palikuwa na wakata miti wa Rufiji waliosimama majini hata mapajani, wakaangusha mti, wakauchuna, wakaubeba hadi kwenye mtumbwi na kusubiri maji yajae. Na ujira wao ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na thamani ya mti uleule ulipofika Basra au Bahrain. Unafuu uliomvuta nakhoda ulitokana na uchache wa ujira huo.

Pamoja na wageni wa msimu walikuwapo wageni wa kukaa. Baada ya Sayyid Said, mtawala wa Omani, kuifanya Unguja makao yake, na kufunga mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833 na Uingereza mwaka 1839, ambayo ushuru wake uliwekwa asilimia 5, Wahindi wa Kutch na Kathiawar walimiminika katika mwambao huu. Na kwa kuwa Unguja palikuwa na ushindani mkubwa, mwenye rasilmali haba alitafuta mahali padogo pa bara ambapo kibanda cha makuti kilitosha kuwa duka. Allidina Visram, aliyetoka Kutch angali kijana, alianza kwa utumishi Bagamoyo, na alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa hadi Uganda. Wenziwe wasio na jina kubwa walifungua maduka katika vijiji vya Rufiji, wakanunua mpunga wa mabonde, nta na magome ya mikoko, wakauza kaniki, chumvi na majembe.

Msingi wa biashara yao ulikuwa mali kauli. Tajiri wa mjini alimkopesha mwenye duka bidhaa kwa neno tu, naye mwenye duka akamkopesha mkulima mpaka mavuno, na mnyororo huo ulisimama juu ya uaminifu. Mgeni aliyefika bila jamaa wa kumdhamini hakupata kitu, hata kama pango lilikuwa bure; na aliyekuwa na dhamana aliweza kuanza bila pesa mkononi. Washihiri wa Hadramaut na Wangazija walifuata mkondo wa namna hiyo, na wengi wao walioa, wakasali katika msikiti mmoja na wenyeji, wakazika na kuzikwa, hata wajukuu wao wakawa watu wa hapo. Sisemi kwamba haki ilitimia siku zote, kwa maana deni la mkulima mara nyingi liliuzidi mpunga wake. Lakini mgeni wa duka alilazimika kuonana na mdeni wake kila siku, na haya ya ujirani ilimzuia kufanya mengi ambayo sheria isingeweza kuyazuia.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walitia mikoko chini ya idara ya misitu, wakaweka kituo Salale katika delta na kutoza ada, na Waingereza wakaendeleza utaratibu huo. Hivyo serikali ikawa mshirika wa tatu katika kila boriti. Kisha mafuta ya Kuwait yalianza kusafirishwa mwaka 1946, saruji na chuma vikaziondoa boriti katika mapaa ya Ghuba, na mabaharia wakapata kazi nchini kwao. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha, na Wahindi wengi wakahama. Na mwaka 1987 ukataji wa mikoko ukapigwa marufuku nchini kote.

Mgeni wa aina ya tatu alikuja katika miaka ya 1990, naye hakuwa na jahazi wala duka, bali alikuwa na ramani. Kampuni iitwayo African Fishing Company ilitaka hekta zipatazo 10,000 za delta kwa ufugaji wa kamba, kwa sababu maji yalikuwa ya uvuguvugu, kamba wazazi walipatikana baharini papo hapo, na ardhi ilihesabiwa kuwa ya bei nafuu. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Serikali iliuridhia mwaka 1997 kwa masharti. Wanavijiji wengi walioona mashamba yao ya mpunga na mazalio ya samaki hatarini walipinga, shauri likafikishwa Mahakama Kuu, na mradi haukusimama kamwe. Kilichoitwa ardhi nafuu kilikuwa ni makao ya watu ambao bei yao haikuulizwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na msemo huo ni kipimo cha haki kwa wageni wote watatu. Nakhoda aliponya kidogo kwa tende na chumvi yake, akaondoka. Mwenye duka aliponya na kuumiza, lakini alibaki na kuwajibika. Kampuni iliyotaka nchi bila wenye nchi haikupata hata nafasi ya kujaribiwa. Leo Nyamisati ina gati, na kivuko cha MV Kilindoni huvusha abiria na mizigo kwenda Mafia. Watu wa mitaji watarudi, na vijana wetu nao watakwenda Dubai, Guangzhou na Kigali kutafuta unafuu kama wageni wa kale walivyoutafuta hapa. Kwa wote hao nasaha ni moja: kabla ya kuuliza pango, mtu aulize ni nani atakayemdhamini, ni nani anayeibeba kazi ile kwa ujira mdogo, na ni nini kitakachobaki kwa wenyeji siku atakapofunga hesabu zake. Mahali ambapo maswali hayo yana majibu mema ndipo penye unafuu wa kweli, ijapokuwa pango lake ni kubwa. Na mahali ambapo hayana majibu, mgeni asihadaike na bei ndogo, maana deni lake litadaiwa, kama si kwake, kwa wanawe.