Jinsi kompyuta inavyolifikia faili kwa kufuata njia yake

MGENI anayeelekezwa Nyalikungu kutoka mbali hutajiwa kwanza Mkoa wa Simiyu, kisha Wilaya ya Maswa, ndipo atajiwe kata yenyewe. Kompyuta nayo hufuata utaratibu wa namna hiyo kila inapotakiwa kufungua faili: huanza na kilicho kikubwa na kuteremka hatua kwa hatua hadi kwenye jina la mwisho.

Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia mitambo na kumbukumbu za kompyuta. Kuielewa kuna manufaa kwa karani, mwalimu au mhasibu yeyote anayehifadhi nyaraka, kwa kuwa ujumbe kwamba faili halikupatikana mara nyingi hauna maana kwamba faili limefutika. Huenda faili lipo salama, ila njia iliyoandikwa haifiki lilipo.

Mpango wa kuweka makabrasha ndani ya makabrasha mengine, mithili ya matawi ya mti, ulielezwa mwaka 1965 na wabunifu wa mfumo wa Multics nchini Marekani. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell waliutumia katika Unix, mfumo ulioanza kutengenezwa mwaka 1969. Linux, ambayo ndiyo msingi wa simu za Android, ilifuata mpango huo huo. MS-DOS ya kampuni ya Microsoft ilipata makabrasha ya aina hiyo mwaka 1983, katika toleo lake la 2.0.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, kabrasha si sanduku lenye mafaili ndani yake, bali ni orodha ya majina, na kila jina lina namba yake. Namba hiyo, iitwayo inodi, huelekeza kwenye taarifa za faili: ukubwa wake, mmiliki wake, haki za kulitumia na mahali data zake zilipo kwenye diski. Jina la faili halimo katika taarifa hizo. Limo katika orodha ya kabrasha peke yake.

Chukua mfano wa njia hii: /mikoa/simiyu/maswa/nyalikungu/kaya.txt. Alama ya mkwaju iliyo mwanzoni ni mzizi, yaani kabrasha la juu kuliko yote. Mfumo huisoma orodha ya mzizi na kutafuta jina "mikoa". Ukilipata, huchukua namba yake, hufungua orodha ya kabrasha hilo na kutafuta "simiyu". Huendelea hivyo hadi ndani ya "nyalikungu", ambamo hupata namba ya kaya.txt.

Katika kila hatua mfumo hukagua pia iwapo mtumiaji ana haki ya kupita. Mtu aliyeruhusiwa kulisoma faili lenyewe, lakini akanyimwa ruhusa ya kupita kwenye kabrasha moja la juu, hatafika. Ndiyo maana majibu ya kukosa huwa ya aina mbili: ama jina halipo, ama hairuhusiwi.

Njia isiyoanza na mkwaju haianzii kwenye mzizi, bali katika kabrasha ambamo programu inafanyia kazi wakati huo. Kwa sababu hiyo, jina fupi kama kaya.txt laweza kufungua faili moja asubuhi na faili jingine kabisa jioni. Nukta mbili zilizofuatana humaanisha kurudi kabrasha moja juu.

Aidha, Linux kwa kawaida hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo "Nyalikungu" na "nyalikungu" ni majina mawili. Windows kwa kawaida huyahesabu kuwa jina moja. Nyaraka zilizofunguka bila taabu katika Windows zaweza kushindikana zikihamishiwa kwenye Linux kwa tofauti ya herufi moja tu.

Jambo linalowatatiza wengi ni kuhamisha makabrasha. Hapa historia ya Maswa ni mfano mzuri. Mwaka 2012 wilaya hiyo iliondoka katika Mkoa wa Shinyanga na kuingia katika mkoa mpya wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi. Ardhi ya Nyalikungu haikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni mlolongo wa majina ya kufikia huko.

Kabrasha likihamishwa ndani ya diski ile ile, hali huwa hiyo hiyo. Data hubaki mahali pake na inodi haibadiliki. Jina huondolewa katika orodha moja na kuandikwa katika nyingine. Hata hivyo, kila waraka au programu iliyonakili njia ya zamani, yenye "shinyanga" kabla ya "maswa", itaambiwa kwamba faili halipo.

Dawa mojawapo ni kuacha kiungo mahali pa zamani, yaani jina linalouelekeza mfumo kwenye njia mpya. Viungo vyaweza kuelekezana vyenyewe kwa vyenyewe na kuzunguka bila mwisho, kwa hiyo Linux hukata tamaa baada ya kufuata viungo 40.

Kuhamishia faili kwenye diski nyingine au flashi ni jambo tofauti. Namba za inodi hutambulika ndani ya hifadhi moja tu, hivyo data hunakiliwa upya na kupewa namba mpya, kisha nakala ya awali hufutwa. Flashi ikichomolewa kabla ya kazi hiyo kukamilika, hasara yaweza kuwa ya kweli.

Kwa hiyo, mtu anayeambiwa kwamba orodha yake ya kaya, ya mishahara au ya wanafunzi haipo, asiharakishe kuiandika upya. Akague njia jina kwa jina kuanzia juu, aangalie herufi, kisha alitafute faili kwa jina lake katika diski nzima. Hatua ile ambapo jina linakosekana ndiyo inayoonyesha mahali njia ilipokatika.