Sasisho la Simu na Ruhusa ya Kampuni ya Mtandao

Sasisho la mfumo endeshi ni toleo jipya la programu kuu ya simu janja, ile inayotawala kioo, kamera, betri, laini na programu nyingine zote. Masasisho ni ya aina mbili. Makubwa hubadilisha toleo zima, mathalani kutoka Android 13 kwenda Android 14. Madogo huziba mianya ya usalama. Watu husubiri kwa hamu yale makubwa kwa kuwa huleta sura mpya, ilhali yenye uzito zaidi ni madogo. Mwanya ukishatangazwa, mwizi wa mtandaoni anaujua siku ileile anayoujua fundi, na muda wote ambao simu inasubiri kiraka ni muda wake wa kufanya kazi.

Google inapotoa toleo jipya la Android, halifiki moja kwa moja kwenye simu ya Samsung au Motorola. Kwanza kampuni ya chipu, kama Qualcomm au MediaTek, huandaa programu za kuiwezesha chipu yake kuelewana na toleo hilo. Kampuni ikiiacha chipu, simu nayo imeachwa, hata mtengenezaji wake awe na nia njema kiasi gani. Baada ya hapo mtengenezaji wa simu huongeza mwonekano wake na programu zake, kisha hufanya majaribio. Katika nchi ambako simu huuzwa na kampuni za mtandao, Marekani hasa, kuna hatua moja zaidi: faili lote hupelekwa kwa kampuni ya mtandao ili ilipime na kuliidhinisha. Pasipo idhini hiyo, halitoki.

Nguvu hiyo ilitokana na biashara. Kwa miaka mingi Mmarekani wa kawaida hakulipa bei kamili ya simu. Aliichukua kwa kampuni ya mtandao kwa bei iliyopunguzwa, akafungwa na mkataba wa miaka miwili. Mteja halisi wa mtengenezaji akawa kampuni ya mtandao, na mteja wa namna hiyo ndiye aliyeamua simu iitweje, ije na programu gani na isasishwe lini.

Mfano ulio wazi ni Samsung Galaxy S ya mwaka 2010. Katika nchi nyingi ilijulikana kwa jina hilohilo. Marekani kampuni nne kubwa za mtandao kila moja iliipa jina lake: Captivate ya AT&T, Vibrant ya T-Mobile, Fascinate ya Verizon na Epic 4G ya Sprint, ambayo iliongezewa kibodi ya kuchomoza. Chipu yake kuu na kioo chake cha inchi 4 vilikuwa vya aina moja katika zote. Google ilitangaza Android 2.2 mwezi Mei 2010, na kabla mwaka haujaisha wenye Galaxy S wa Ulaya walikwisha kuanza kuipata. Wa Marekani waliingia mwaka mpya wakiwa bado na 2.1. Vibrant ilisasishwa Januari 2011, Captivate na Epic 4G Februari, Fascinate Aprili. Sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa ya kiufundi, maana Verizon na Sprint walitumia teknolojia ya CDMA, na wale wengine wawili walitumia GSM, hivyo modemu hazikuwa sawa. Lakini Fascinate ilikuwa pia imeondolewa utafutaji wa Google na kuwekewa Bing ya Microsoft kwa matakwa ya Verizon, na sasisho lilipokuja lilibidi libebe matakwa hayohayo. Huo haukuwa ulazima wa kiufundi hata kidogo.

Utengano huo uliendelea hata baada ya majina kuunganishwa. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa SM-G900V kwa Verizon, SM-G900A kwa AT&T, SM-G900T kwa T-Mobile na SM-G900P kwa Sprint. Herufi moja tu mwishoni, lakini kila herufi ilikuwa na faili lake, majaribio yake na foleni yake.

Hoja ya kampuni za mtandao haifai kupuuzwa. Sasisho bovu laweza kuizuia simu kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, na simu ikiharibika mwenye nayo huenda kulalamika kwenye duka la kampuni iliyomuuzia. Hata hivyo, Apple ilionyesha kwamba kuna njia nyingine. Tangu iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007 ikiuzwa na AT&T peke yake, masasisho yake kwa kawaida yametolewa na Apple kwa wateja wote kwa wakati mmoja, ingawa kampuni za mtandao hupewa nafasi ya kuyajaribu mapema. Njia hiyo nayo ina hatari zake. Septemba 2014 toleo la iOS 8.0.1 lilikata mtandao kwenye iPhone 6 na 6 Plus. Apple ililiondoa baada ya saa moja hivi, na kesho yake ikatoa 8.0.2. Kosa lilikuwa kubwa, lakini mwenye kosa alijulikana na tiba ilikuwa mkononi mwake.

Linganisha na Galaxy Note7, simu iliyorejeshwa kiwandani mwaka 2016 kwa sababu betri zake ziliwaka moto. Desemba 9 mwaka huo Samsung ilitangaza sasisho la kuzizuia zisichaji kabisa huko Marekani. Verizon ilikataa kulitoa wakati huo, ikieleza kwamba haitaki wasafiri wa msimu wa sikukuu wabaki bila simu ya kuombea msaada. Ililitoa Januari 5, 2017. Sababu yake ilikuwa ya kibinadamu, lakini tukio lenyewe linaonyesha nani alikuwa na neno la mwisho, hata juu ya simu iliyoweza kuwaka moto mfukoni.

Kilichobadilisha mambo ni hofu. Julai 2015 mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alitangaza mianya iliyoitwa Stagefright: ujumbe mmoja wa picha au video ulitosha kuishambulia simu ya Android. Makadirio ya wakati huo yalitaja simu milioni 950. Mwezi uliofuata Google na Samsung zilitangaza utaratibu wa viraka vya kila mwezi. Mei 2016 mamlaka mbili za Marekani, ya mawasiliano na ya biashara, zilizitaka kampuni za mtandao na watengenezaji zieleze jinsi zinavyotoa viraka.

Android 8 ya mwaka 2017 ilitenganisha programu za chipu na mfumo wenyewe, ili toleo jipya lisilazimishe kila kitu kuandikwa upya. Android 10 ya mwaka 2019 ikaenda mbali zaidi: baadhi ya sehemu za mfumo zilianza kusasishwa kupitia Google Play, bila kupita kwa kampuni ya mtandao. Kwa maoni yangu hatua hii ya pili imewalinda watu wengi kuliko ahadi zote zilizotangulia. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Juni 20, 2025, unawataka watengenezaji watoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni.

Afrika Mashariki simu nyingi huuzwa zikiwa huru, unaweka laini unayotaka, kwa hiyo kinachochelewesha masasisho kwetu ni mtengenezaji na bei ya modeli. Lakini mfumo wa Marekani unatufikia kupitia simu za mtumba zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Samsung iliyotoka Verizon au AT&T, hata ikifunguliwa ikakubali laini ya Vodacom au Safaricom, hubaki na programu ya kampuni yake ya kwanza. Simu nyingi za AT&T hazipokei sasisho lolote zikiwa nje ya mtandao huo. Fundi anaweza kuiflashi, yaani kuiwekea programu upya, lakini faili lisilo lake linaweza kuiua, na simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa ya mtu.

Kabla ya kulipa, fungua mipangilio, ingia sehemu ya maelezo ya simu, usome mambo matatu. Modeli ya Samsung inayoishia na U ni ya kampuni za mtandao za Marekani. U1 ni ya Marekani isiyofungwa. Kwenye mstari wa programu ya mtoa huduma, VZW ni Verizon, ATT ni AT&T, TMB ni T-Mobile. Kisha tazama tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa imepita mwaka mzima, usiinunue simu hiyo kwa ajili ya kuweka pesa zako.