Uso Ulio Katika Picha ya Mfano

Muuza kamera hukuonyesha picha zilizopigwa kwa kamera hiyo, nawe ukapima kwa macho yako. Wenye studio nao walibandika picha zao bora ukutani, mteja ajionee. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kwa upande wa kamera mimi hutangulia kuuliza: uso ulio katika picha hiyo ya mfano ni wa nani?

Swali hili lina historia. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke Mzungu. Wa kwanza aliitwa Shirley, na kadi zote zikarithi jina lake. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ipendeze, kazi ikahesabiwa imekwisha. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo. Waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao rangi ya kahawia ya bidhaa zao haikutoka sawasawa. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Kwetu Kagera jambo hili si dogo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu, na katika miaka iliyofuata watoto wengi wa Bukoba na Muleba walifiwa na wazazi kabla ya kuwafahamu vema. Kwao picha moja ya harusi ndiyo baba, ndiyo mama. Nimeonyeshwa picha za namna hiyo. Kanzu ya baba inang'aa, lakini uso ni giza lenye macho na meno. Mtoto akiuliza amefanana naye wapi, picha haina jibu. Jua la mchana na haraka ya mpigapicha vilichangia, ila kipimo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuwekwa mbali nasi.

Kamera ya dijitali haikuja na dawa. Ile aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975 ilikuwa na nukta 10,000 tu. Simu za leo zina mamilioni. Hata hivyo, mwaka 2021 kampuni ya Google bado ilitangaza kama jambo la kujivunia kwamba kamera ya simu yake mpya imerekebishwa ili ionyeshe vema ngozi nyeusi. Wingi wa nukta ni jambo moja, haki ya uso ni jingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukionyeshwa picha za mfano usitosheke na maua wala machweo ya ziwani. Tafuta mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe, amesimama kivulini mwa mgomba. Je, shavu na paji la uso vinapambanuka? Mikunjo ya nguo imebaki, au imemezwa na weupe? Kivulini mna uso, au chembechembe kama mchanga? Picha ya namna hiyo ikikosekana, omba umpige muuzaji mwenyewe mlangoni pake. Kamera njema ni ile itakayomwezesha mjukuu ambaye hajazaliwa kumtambua babu yake.