Kichwa Kisichotulia

Ukiwaza chochote sasa hivi, hata kama ni nauli ya matatu tu, kuna umeme unapita kichwani mwako. Na penye umeme pana usumaku. Shida ni kwamba usumaku wa ubongo ni hafifu ajabu. Chukua ule wa dunia unaogeuza sindano ya dira, uugawe kwa bilioni moja hivi, ndipo uanze kuukaribia.

Umeme wenyewe ulinaswa na daktari Mjerumani, Hans Berger, mwaka wa 1924, kwa elektrodi. Lakini fuvu huuvuruga umeme njiani, ukakosa kujua umetoka wapi hasa. Usumaku hupita fuvu bila taabu. Ndiyo maana watu waliutamani.

Mwaka wa 1968, mwanafizikia David Cohen, akiwa Chicago, aliupata. Alijifungia kwenye chumba cha kuzuia usumaku wa nje, manake hata gari likipita huleta fujo, akatumia koili ya waya wa shaba. Baadaye, akiwa MIT, alitumia kifaa kilichoitwa SQUID, alichokifanyia kazi James Zimmerman. Mwaka wa 1972 akachapisha vipimo safi zaidi.

Sasa, SQUID ina masharti kama ya mganga. Lazima ikae kwenye heliamu ya majimaji, nyuzi 269 chini ya sufuri. Kwa hivyo sensa zikafungwa ndani ya kofia kubwa, ngumu, isiyosonga, iliyopimwa kwa kichwa cha mtu mzima. Ukigeuka, vipimo vinaharibika. Kichwa cha mtoto kinaelea humo, mbali na sensa. Na mtoto mwenye kifafa? Kifafa hakiombi ruhusa kabla ya kumtikisa mtu. Kumbe waliohitaji kipimo hiki zaidi ndio walioshindwa na masharti yake.

Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham na wenzao wa London walionyesha njia nyingine: kofia ya kuvaa, yenye sensa ndogo za mvuke wa rubidi. Leza huzipanga atomu mpaka mwanga unapita vizuri. Usumaku ukizigusa, mpango unavurugika, na mwanga unaopita unapungua. Hakuna heliamu. Aliyeivaa alitikisa kichwa, akanywa chai, akacheza mpira, na ubongo wake ukaendelea kusomwa.

Chumba cha kuzuia usumaku bado kinahitajika, na bei yake si ya mchezo. Hapa Kenya, mtoto mwenye kifafa akibahatika kupimwa ubongo, mara nyingi ni kwa elektrodi, mbinu ileile ya Berger. Cohen na wenzake walimtaka mgonjwa atulie. Miaka 50 baadaye, mashine ikajifunza kumfuata. Kilichobaki ni imfuate mpaka huku.