Art Smith: Mfua Shaba wa Greenwich Village

Methali yatuambia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Maisha ya Art Smith, sonara mweusi wa New York, yaonyesha kwamba kizuri chaweza kujiuza na bado aliyekiunda akasahauliwa.

Arthur George Smith alizaliwa nchini Cuba mwaka 1917, na wazazi wake walikuwa Wajamaika. Mwaka 1920 familia hiyo ilihamia Brooklyn. Smith alihitimu katika chuo cha Cooper Union mwaka 1940, akiwa amesomea uchongaji. Baadaye alifanya kazi kwa Winifred Mason, mwanamke mweusi aliyekuwa na duka la mapambo ya shaba katika Greenwich Village. Mwaka 1946 alifungua duka lake mwenyewe katika mtaa wa Cornelia. Chuki ya ubaguzi wa rangi ilimwondosha huko, akahamia West Fourth Street, alikoendelea na kazi hadi duka lilipofungwa mwaka 1979.

Yafaa ikumbukwe kwamba miongoni mwa wateja wake wa awali walikuwamo wachezaji ngoma weusi, kama vile Talley Beatty na Pearl Primus. Pambo la jukwaani halina budi kuonekana kutoka mbali. Ndipo Smith alipozoea kuunda vitu vikubwa. Bangili yake iitwayo Lava, ya mwaka 1946 hivi, yapanda kutoka kifundo cha mkono kuelekea kiwiko kama kitu kilicho hai. Smith alishikilia kwamba pambo halijakamilika mpaka livaliwe. Kauli hiyo haimshangazi Mswahili, kwani neno "pambo" latokana na kitenzi "pamba": bila wa kupambwa, hakuna pambo.

Kwa nini basi alisahauliwa? Usonara wa anasa ulipimwa kwa dhahabu na vito, naye alifua shaba. Mwaka 1969 alifanyiwa maonyesho katika Museum of Contemporary Crafts, lakini baada ya kifo chake mwaka 1982 jina lake lilififia. Mwaka 2007 jumba la makumbusho la Brooklyn lilipewa kazi zake kadhaa, na mwaka 2008 likaziandalia maonyesho.

Kwa hiyo methali yahitaji nyongeza: kizuri chajiuza, ila hakijihifadhi. Kuhifadhi ni wajibu wa waliobaki.