Kabla ya Modo Kulikuwa na Bugaluu: Pamba, Soul na Dansi la Mji Kasoro Bahari

Kuna picha moja ambayo karibu kila familia ya mjini inayo. Ipo kwenye albamu ya zamani yenye plastiki zilizogandana, au imetundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Babu amesimama studio, nyuma yake pazia la maua. Suruali imebana pajani, halafu ikifika chini inafunguka kama kengele mpaka kiatu hakionekani. Hiyo ndiyo bugaluu, wengine waliiita pekosi. Afro imechongwa duara. Pembeni yupo bibi, na hapo ndipo wajukuu hupiga kelele, maana gauni la bibi limeishia juu ya magoti. Bibi huyo huyo ambaye leo akiona mjukuu katupia kitop anataka kuitisha kikao cha ukoo!

Ila tusimcheke bibi. Gauni lile lilikuwa na kesi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 60 kule Uingereza kulikuwa na vijana walioitwa mods. Wengi ni watoto wa familia za kawaida tu, makarani na wafanyakazi wa viwandani, lakini mshahara wote unaishia kwa fundi cherehani: suti nyembamba za Kiitaliano, tai kama kamba, pikipiki za Vespa na Lambretta zilizojazwa vioo. Wasichana wakadaka sketi fupi ambazo mbunifu Mary Quant alizipa umaarufu kutoka duka lake la King's Road, London. (Mods na modo za kwetu zinafanana jina kwa bahati tu, ila kwa kubana ni ndugu wa damu.)

Muziki wao ulikuwa soul ya Wamarekani weusi. London ilipohamia kwenye mambo mengine, vijana wa kaskazini, kwenye miji ya viwanda kama Manchester na Wigan, wakagoma kuhama. Wakawa wanasaka sahani za soul ambazo hata Marekani kwenyewe hazikuuza, wanazicheza mpaka kunakucha. Mwaka 1970 mwandishi Dave Godin akauita muziki huo northern soul. Ukumbi wa Wigan Casino ulianza mikesha yake 1973 ukafunga 1981, na humo pombe haikuuzwa. Mtu anafanya kazi wiki nzima, Jumamosi usiku anamwaga poda sakafuni ili kiatu kiteleze, basi.

Sasa usidhani huo ugonjwa ulikuwa wa Waingereza peke yao. James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett na Aretha Franklin walikuwa wanapasua spika za Dar es Salaam miaka hiyo hiyo. Dansi la vijana la mchana wa wikiendi liliitwa bugi. Mchana, kwa hiyo hata mwanafunzi aliweza kuaga kwao kwamba anakwenda kujisomea na mwenzake. Bendi za vijana zilikariri nyimbo za soul neno kwa neno, hata pale mwimbaji alipokuwa haelewi nusu ya anachokiimba. Na huwezi kwenda bugi na kaptula ya shule. Pamba lazima iwepo: suruali ya kubana, kimini, wigi.

Hapo ndipo wakubwa walipokasirika.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita mavazi yaliyoitwa ya kihuni na yasiyo ya utamaduni wetu. Kampeni ikapewa jina Operesheni Vijana, ianze rasmi 1 Januari 1969. Kwenye orodha kulikuwa na vimini, wigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Tarehe haikusubiriwa. Mwezi ule ule wa Oktoba, Kariakoo kulishachafuka: makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake waliovaa nguo fupi, yakawapiga na kuwachania nguo, wengine wakishushwa kwenye mabasi. Polisi ikabidi waingilie.

Hebu tazama vizuri hapo. Suruali za kubana za wanaume nazo zilikuwa kwenye orodha, lakini aliyewindwa kituo cha basi ni mwanamke. Waliosema wanalinda heshima ya mwanamke wa Kiafrika ndio waliomwacha nusu uchi barabarani, mchana kweupe. Majina ya wanawake wale hayaimbwi na mtu. Huenda wengine ni hao hao mabibi wa kwenye albamu.

Magazeti yalifurika barua za wasomaji. Kuna waliounga mkono kwa nguvu zote, na kuna waliouliza swali ambalo mpaka leo halina jibu jepesi: kama kimini si cha kwetu, suti na tai ni za kwetu? Na kichekesho ni kwamba muda mfupi tu kabla ya hapo serikali ilikuwa na kampeni nyingine kwa Wamasai, wakitakiwa waache rubega zao wavae kama watu wa kisasa. Yaani dada wa Dar anaambiwa amevaa kizungu mno, Mmasai anaambiwa hajavaa kizungu vya kutosha. Mwaka huo huo mmoja, nchi hiyo hiyo moja.

Novemba 1969 ikafika zamu ya masikio. Mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule uliibeba na Dar es Salaam ndani yake, akapiga marufuku muziki wa soul mkoani kwake. Hoja ilikuwa kwamba unaharibu vijana, hasa wanafunzi.

Sasa panda basi. Toka Dar, nenda kama kilomita 190 hivi, mpaka milima ya Uluguru ikuzibe upande mmoja wa dirisha. Umefika Morogoro, Mji Kasoro Bahari. Ni mkoa mwingine na mkuu wa mkoa mwingine. Mji wa reli tangu 1907, mji wa mashamba ya mkonge yaliyovuta watu wa kila kabila, na juu yake wapo Waluguru wenyewe wanaoshusha mboga na ndizi kutoka milimani. Ndio wale ambao 1955 pale Matombo walimgomea mkoloni alipotaka kuwapangia jinsi ya kulima matuta kwenye milima yao, kwa hiyo kupangiwa maisha si kitu walichozoea kukipokea kwa makofi. Mji ulikuwa na wageni wa kila aina. Mwaka 1969, Operesheni Vijana ikiwa ya moto huko Dar, hapa Morogoro chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa wa uhamishoni, kuanzia mwishoni mwa Aprili.

Na usiku? Usiku ni dansi. Mji huu mdogo ulikuwa na bendi mbili zilizotikisa Afrika Mashariki nzima, na ushindani wao ulikuwa kama Simba na Yanga. Upande mmoja Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944. Upande wa pili Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mzaliwa wa hapa hapa, aliyeanza na kikundi cha La Paloma mwaka 1948. Inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani akafika mpaka Mombasa, akitafuta njia ya kwenda Cuba kwenye muziki alioupenda. Cuba hakufika. Akarudi akaijenga Cuba yake chini ya Uluguru. Ukifikiria, hana tofauti na kijana wa Wigan aliyeota Detroit bila hata kuwa na pasipoti. Salum alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Cuban Marimba ikaendelea mikononi mwa Juma Kilaza.

Kwenye hiyo bendi kuna kitu cha kushangaza. Jina lake lilikuwa Cuban. Rumba na chacha ziliingia kwetu kwa sahani za santuri zenye alama ya GV. Gitaa la umeme halikuchimbwa Kilosa. Lakini hakuna aliyesema dansi la Morogoro ni la kigeni, kwa sababu lilikuwa limeshakaa nyumbani miaka ishirini, limejifunza Kiswahili, limeimba habari za ndoa na uhuru. Soul kosa lake kubwa lilikuwa kufika jana. Na liliingia na watoto wa shule, si na wazee wenye kazi.

Wakati huo Morogoro Jazz walikuwa na kijana wao, Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa 1944 na kujiunga na bendi katikati ya miaka ya 60. Gitaa lake la solo lilikuwa linaongea kabla yeye hajafungua mdomo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wa kucheza wenye jina: Western Jazz na Saboso, NUTA na Msondo, Morogoro Jazz na Sululu. Ukisikia mtu anasema "mimi wa Sululu", umeshajua Jumamosi yuko wapi na kwa nini haongei na wa Cuban.

Maandalizi yalianza mchana. Pasi ya mkaa, suruali inanyooshwa mpaka mstari unaweza kukata mkate. Viatu vya raizoni vilipoingia miaka ya 70, mtu mfupi aliingia ukumbini akiwa mrefu na kutoka alfajiri amevishika mkononi. Kwa wasichana kulikuwa na ufundi mwingine ambao wamama wa zamani husimulia huku wakicheka: kimini ndani, kanga juu. Unatoka kwenu umejistiri, unampita mjumbe umejistiri, unasalimia shikamoo zote za njiani umejistiri. Mlangoni mwa ukumbi kanga inafunguliwa, inakunjwa, inaingia kwenye pochi. Wakati wa kurudi inatoka tena. Kanga moja ilimtosha mtu kuishi nchi mbili kwa usiku mmoja.

Na hiyo hiyo serikali iliyoogopa miguu ya watoto wake ilijua thamani ya dansi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walipelekwa Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Vijana wa Mji Kasoro Bahari na magitaa yao ya umeme, wakiwa ndio utamaduni wa taifa! Miaka mitatu baadaye Mbaraka aliondoka akaunda Super Volcano na mtindo wa Masika. Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari, karibu na Mombasa, hajatimiza hata miaka 35.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Vita ya Kagera, maduka matupu, kitambaa ni kwa foleni. Bugaluu nyingi zilirudi kwa fundi zikapunguzwa chini, kile kipande cha kengele kikatosha kumshonea mtoto kaptula. Hakuna operesheni iliyoweza kuua bugaluu kama njaa ya kitambaa ilivyoweza.

Vita vya nguo havikuisha, vilihama ukumbi tu. Juni 2021, Dodoma, mbunge mmoja mwanamke alitolewa nje ya Bunge baada ya mbunge mwenzake wa kiume kusimama na kulalamika kuhusu vazi lake, kwamba suruali imembana. Akaambiwa akavae vizuri ndipo arudi. Picha zilisambaa siku ile ile: blauzi ya njano, suruali nyeusi mpaka kwenye kifundo cha mguu. Bibi wa kwenye albamu angeiona, angesema mbona ndefu hivyo.