Dawn Staley: Nyota wa kikapu aliyeukwepa ukocha, leo ana mataji matatu

Dawn Staley ni kocha mkuu wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani. Alizaliwa Mei 4, 1970 Philadelphia, mtoto wa mwisho kati ya watano, akakulia kwenye nyumba za serikali za Raymond Rosen. Huko alijifunza kikapu kwa kucheza na wavulana.

Urefu wake ni futi 5 na inchi 6 tu. Kwa mchezo huu huyo ni mfupi hasa, hivyo alicheza pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kugawa pasi.

Akiwa Chuo Kikuu cha Virginia (1988 hadi 1992) alifika nusu fainali ya taifa mara tatu na kuwa mchezaji bora wa mwaka mara mbili. Ubingwa ukagoma. Mwaka 1991 Virginia ilifungwa na Tennessee kwenye fainali, 70-67, tena dakika za nyongeza.

Dhahabu za Olimpiki alipata tatu: Atlanta 1996, Sydney 2000 na Athens 2004, ambako ndiye aliyebeba bendera ya Marekani. Lakini WNBA nako alitoka bila taji. Mwaka 2001 Charlotte Sting yake ilichapwa fainali na Los Angeles Sparks, timu aliyokuwamo Mkongo Mwadi Mabika.

Ukocha ulianzaje?

Kusema kweli, hakuutaka. Chuo Kikuu cha Temple cha nyumbani kwao Philadelphia kilimbembeleza mwaka 2000, wakati bado ni mchezaji wa kulipwa. Akakubali, na kwa miaka sita akafanya kazi zote mbili: majira ya joto anacheza WNBA, baridi ikiingia anafundisha mabinti wa chuo. Aliondoka Temple mwaka 2008 akiwa ameshinda mechi 172 na kupoteza 80.

South Carolina, jimbo alikotoka mama yake, alipokelewa na timu ambayo watu hawakuijali. Msimu wa kwanza: ushindi 10, vipigo 18. Kocha mwingine angeanza kutafuta mlango wa kutokea.

Mabadiliko makubwa yalikuja 2014, alipomsajili A'ja Wilson, binti wa hapohapo jirani, aliyekuwa akitakiwa na vyuo vikubwa kibao. Mwaka 2015 timu ikaingia nusu fainali ya taifa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2017 ikachukua ubingwa kwa kuifunga Mississippi State 67-55. Taji alilolikosa kama mchezaji, Staley akalipata akiwa amesimama pembeni ya uwanja.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hawalijui. Carolyn Peck, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo kama kocha (Purdue, 1999), alikuwa amempa Staley kipande cha wavu wake akitunze hadi naye ashinde. Baada ya kushinda, Staley naye aliukata wake vipande akawatumia makocha wanawake weusi wa vyuo mbalimbali.

Taji la pili lilikuja 2022 dhidi ya UConn, 64-49. Mwaka 2023 timu ikafika nusu fainali bila kupoteza hata mechi moja, ikakutana na Caitlin Clark wa Iowa aliyefunga pointi 41. Nje!

Wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza wakaondoka. Wengi walidhani habari imeishia hapo, kumbe msimu uliofuata kikosi kipya kikashinda mechi 38 kati ya 38 na kuipiga Iowa 87-75 kwenye fainali. Watazamaji karibu milioni 19 wa Marekani waliiangalia, na kwa mara ya kwanza fainali ya wanawake ikawapita wanaume. Mwaka 2025 UConn ililipa kisasi, 82-59.

Pesa je?

Januari 2025 Staley alisaini mkataba wa dola milioni 4 kwa mwaka, takriban Sh10 bilioni, uliomfanya kocha anayelipwa zaidi katika kikapu cha wanawake vyuoni. Alishapigania hilo hadharani miaka kadhaa, akidai kocha wa wanawake anayeshinda alipwe kama wa wanaume. Mwaka huohuo alifanyiwa usaili wa kuinoa New York Knicks ya NBA, kazi ikaenda kwa Mike Brown.

Kwa Afrika Mashariki, jina la kulifuatilia kwenye kikosi chake lilikuwa Madina Okot, Mkenya wa futi 6 na inchi 6 aliyechezea Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kwenda Mississippi State. Mwaka 2025 alihamia South Carolina kwa Staley kucheza senta.